Mbuta hakuzima taa ya Ziwa Victoria

Kuna story moja tumeisikia hadi tumeichoka. Wazungu walimwaga mbuta ziwani miaka ya 1950, mbuta akala kila kitu, ziwa likaharibika. Mwisho. Enyewe mbuta alikula, hilo sibishani nalo. Lakini hiyo story imeacha nje mshukiwa mkubwa, na mshukiwa mwenyewe hata haogelei.

Tuanze na sahani. Mwaka 1865, padri mmoja wa Roma, Angelo Secchi, mtu wa kusoma nyota, aliitwa kwenye meli ya Papa apime maji ya Mediterania yanaonekana hadi wapi. Aliteremsha sahani nyeupe kwa kamba mpaka ikapotea machoni, akapima kamba. Ni hivyo tu. Hakuna betri, hakuna app. Na hadi leo wanasayansi wa maziwa bado wanatumia hiyo kitu.

Sahani kama hiyo ilifika Ziwa Victoria kwa uchunguzi wa uvuvi wa 1927. Huko mbali na ufuo, ilionekana hadi kati ya mita 5 na 8. Hebu fikiria nyumba ya ghorofa mbili imezama na bado unaona sakafu. Kufika miaka ya 1990, sehemu nyingi ilikuwa inapotea kwa mita 3 au chini ya hapo. Ghuba yetu ya Winam ni mbaya zaidi, ingawa kusema ukweli ghuba ni ya kina kifupi na haijawahi kuwa kioo.

Sasa, nani aliyezima taa?

Jibu liko kwenye matope. Kila mwaka ziwa huangusha mwani uliokufa chini, tabaka juu ya tabaka, kama mtu anayeweka risiti zake zote. Watafiti walichimba hayo matope wakazisoma, na mwaka 2002 wakachapisha walichopata: mwani ulianza kuongezeka tangu miaka ya 1930. Soma tena. 1930. Mbuta hajafika. Na oksijeni ya kule chini ilianza kuisha mapema miaka ya 1960, wakati mbuta alikuwa bado mgeni. Yeye alikuja kulipuka miaka ya 1980.

Kilichokuwa kinaendelea miaka ya 1930 kilikuwa nchi kavu. Reli ilikuwa imefika Kisumu tangu 1901. Miwa Miwani, chai Kericho, misitu inakatwa, watu wanaongezeka, mashamba yanapanda hadi milimani. Udongo ukibaki uchi, mvua inaubeba, na ndani yake kuna fosforasi. Mwani unapenda fosforasi vile sisi tunapenda chapo. Ongeza mbolea na maji taka ya miji miaka ya baadaye, ndio unapata supu ya kijani.

Na giza la maji si kama giza la stima kupotea. Mwani na matope huimeza bluu kwanza, kinachobaki ni mwanga wa chungwa-chungwa. Hapo ndipo story ya fulu inauma. Kuna fulu wawili jamaa wa karibu: Pundamilia pundamilia, dume lake ni bluu na huishi juu juu, na Pundamilia nyererei, dume jekundu la chini kidogo. (Ndiyo, amepewa jina la Mwalimu Nyerere. Na ndiyo, pundamilia ni yule yule wa mistari.) Jike huchagua mume kwa rangi. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba pale maji yamechafuka, rangi zinafifia na aina za fulu zinapungua. Kwenye maabara, ukiwasha taa ya chungwa pekee, jike haoni tofauti. Bluu na nyekundu kwake ni sawa. Wanazaana, na watoto wanatoka katikati. Aina mbili zinarudi kuwa moja bila yeyote kuliwa.

Ziwa lilikuwa na zaidi ya aina 500 za fulu. Karibu 200 hazionekani tena. Mbuta alibeba wengi, sawa. Wengine walipotea kwa sababu hawakuonana.

Nadhani mbuta amekuwa mshukiwa mtamu kwa sababu hahusu mtu yeyote wetu. Lakini shamba la mjomba, choo cha plot na mtaro wa mji vinatuhusu. Nenda uangalie Nyando mvua ya Aprili ikinyesha, ina rangi ya chai ya maziwa, na yote inaingia ziwani.

Walio Kisumu, Homa Bay na Mbita, chukueni kifuniko cha ndoo, kipakeni rangi nyeupe, fungeni jiwe chini, kamba iwe na alama kila nusu mita. Ombeni mvuvi awapeleke mbali kidogo, saa sita mchana. Niandikieni kilipotea mita ngapi.