Kura Haigandishi Samaki

Wasee, hapa Sori tunajua kupiga kura. Tangu kanuni za BMU za 2007, bichi zetu za Ziwa Victoria zina mkutano wa wanachama na kamati ya kuchaguliwa. Nafasi zenyewe zimegawanywa: wenye mashua wana zao, wanaoingia ziwani kuvua wana zao, wachuuzi pia, na wanawake wasipungue watatu. Mimi naipenda hiyo. Mwenye mashua tano na kijana anayesubiri mgao wake asubuhi wanapiga kura moja moja.

Shida huanza tukidhani kura inaweza kufanya kazi ya fundi.

Kikundi chetu cha vijana kiliwahi kutaka kuuza barafu kwa wachuuzi wa samaki. Tulipigia kura jina, rangi ya kibanda, na mweka hazina (raundi mbili, maana walienda sare). Hata friji tuliichagua kwa mikono: kubwa ilishinda ndogo, 14 kwa 5. Hakuna aliyeuliza itakula stima kiasi gani. Mwezi wa kwanza tokeni zilimeza pesa yote ya barafu. Wale watano walikuwa sahihi, lakini hata wao hawakuwa na hesabu. Walikuwa na wasiwasi tu.

Lakini msikimbilie kusema tuwaachie wataalamu. Kule Kalokol, Turkana, Norway ililipia kiwanda cha kugandisha samaki, kikamalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wahandisi walikuwepo, michoro ilikuwepo, bajeti ilikuwepo. Kiwanda kilifanya kazi siku chache tu kikazimwa. Kugandisha samaki kwenye joto lile kulitaka umeme mwingi na maji safi mengi, na mauzo hayangeweza kulipia gharama hiyo. Halafu Ghuba ya Ferguson, walikokuwa wakivua, ikakauka. Ziwa lile hupanda na kushuka, na mchungaji yeyote wa pale angekwambia hivyo bila digrii. Sijui kama kura ingekiokoa kiwanda. Swali la mchungaji lingekiokoa, kama lingeulizwa kabla ya simiti kumwagwa.

Sisi angalau tulipoteza friji moja.

Sasa kikundi kimeamka tena, safari hii ni mashine ya sola ya kukaushia omena. Mkutano ni Jumamosi. Nimeomba kitu kimoja: kabla mkono wowote haujainuliwa, mama mmoja anayeanika omena atuambie mvua humharibia debe ngapi, na fundi atuambie mashine inakausha debe ngapi kwa siku. Baada ya hapo ndiyo tupige kura, nani atashika ufunguo, nani atalipwa kwanza. Hayo ni ya kura kabisa.

Mwenyekiti amenijibu kwamba ajenda tayari imejaa. Kipengele cha kwanza ni kuchagua jina.