Meli Zilizoonekana kutoka Mtongwe

Babu yangu hakuwa na saa. Alikuwa na mlango uliotazama bandari ya Kilindini, Mombasa. Alfajiri alisimama pale Mtongwe akahesabu meli zilizofunga gatini, ng'ambo ya maji. Zikiwa nyingi, alivuka. Zikiwa chache na mihogo inataka palizi, alimwambia bibi, "Leo siendi, nitolee jembe." Hakumwomba mtu ruhusa. Kesho yake alisimama tena langoni mwa bandari na makuli wenzake, serangi, msimamizi wao, akamchagua.

Ndivyo alivyokuwa kibarua wa bandari ya Mombasa. Neno lenyewe ni barua ndogo. Karne ya 19 mtumwa wa mjini aliyekodishwa kwa kazi ya siku alipewa kikaratasi cha kuchukulia ujira, na sehemu ya ujira ule ikaenda kwa bwana wake. Babu alirithi neno, lakini fedha zote zilikuwa zake, na siku zake pia.

Gati za kina kirefu zilifunguliwa Kilindini miaka ya 1920. Wiki moja marobota ya pamba ya Uganda yalijaa hadi mlangoni, wiki ya pili kimya. Kampuni za kupakua mizigo hazikutaka kumlipa mtu akikaa bure. Wadigo na Wagiriama wenye minazi yao nao hawakutaka kufungwa mwezi mzima. Haja mbili zikakutana, ingawa si kwa huruma: aliyeumia mgongo alirudi nyumbani mikono mitupu, na bibi alikumbuka majuma ambayo hata chumvi ilikopwa.

Hata hivyo, shamba lilimpa kuli nguvu ya kukataa. Makuli waligoma 1934, wakagoma tena 1939. Januari 1947 mji mzima ulisimama kwa siku 12 hivi: watu wapatao 15,000, makuli, watu wa reli, hata wapishi wa majumbani. Chege Kibachia, aliyewaongoza chini ya shirikisho lao jipya, alikamatwa Agosti mwaka huohuo akapelekwa uhamishoni. Mtu mwenye muhogo ardhini hatishwi upesi na njaa, na serikali ya kikoloni ililiona hilo vizuri. Ndiyo maana leo nikisikia kazi ya saa za hiari ikisifiwa, huuliza kwanza: huyo mfanyakazi, akikataa, atakula nini?

Baada ya migomo ile, maofisa wa kikoloni walitaka kuli anayejulikana kwa jina, anayefika kila siku, anayeogopa kupoteza kazi. Makuli wakaandikishwa. Miaka ya 1950 daftari likapunguzwa: waliofika mara chache walifutwa, waliobaki wakaingizwa polepole katika kazi ya kudumu. Wengi waliofutwa walikuwa watu wa pwani kama sisi, waliogawa juma kati ya gati na shamba.

Babu alibaki. Alipata mshahara wa mwezi, na sidharau hilo. Mshahara ule ndio uliomsomesha baba. Lakini sasa alivuka kila asubuhi, meli ziwepo zisiwepo. Palizi ikawa ya bibi peke yake, na minazi ikakodishwa kwa jirani. Katika mipango yote ile hakuna aliyemuuliza bibi. Bibi aliendelea kusimama mlangoni alfajiri, jembe begani, akihesabu meli kwa mazoea tu.