Malisho Yaliyochoka: Fundisho la Uwanda wa Lilongwe

Mwalimu wa Kiswahili hamalizi mwaka bila ya kufundisha methali isemayo kwamba wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo. Darasani twaeleza habari za tembo, yaani wakubwa. Nyasi twaziacha ziumie tu. Makala haya yanakusudia kuzitazama nyasi zenyewe: jinsi malisho yachokavyo, jinsi yaponywavyo pasipo mbolea ya viwandani, na kwa nini uponyaji huo hutegemea haki ya watu juu ya ardhi.

Katika uwanda wa Lilongwe, malisho ya asili ya wakati wa kiangazi ni dambo, yaani mabonde mapana yenye unyevu, ambayo mwenyeji wa Tanzania angeyaita mbuga. Mwaka 1968 ulianzishwa mpango mkubwa wa kuendeleza ardhi ya Lilongwe, na mwaka 1975 makao makuu ya serikali yalihamishwa kutoka Zomba kuja huko. Watu waliongezeka, mashamba ya mahindi na tumbaku yakapanuka, na ng'ombe wakabanwa mabondeni. Malisho yanayokanyagwa bila kupumzishwa hupoteza kwanza nyasi tamu, kwa kuwa ndizo zinazoliwa kabla hazijatoa mbegu. Hubaki zile ngumu zisizopendwa na mifugo, kisha udongo mtupu.

Katika miaka ya 1970, watafiti walijaribu nchini Malawi kupanda nyasi na mikunde pamoja chini ya mahindi, ili mkulima avune chakula na papo hapo aanzishe malisho. Hekima ya mchanganyiko huo ni nyepesi kueleza. Mizizi ya mikunde ina vifundo vyenye vijidudu vinavyonasa naitrojeni kutoka hewani. Majani na mizizi ya mikunde ikioza, nyasi jirani hupata rutuba bila ya kununuliwa mbolea. Achaguaye mbegu sharti autazame udongo wake. Nyasi za Rhodes hutambaa upesi na kuufunika udongo ulio wazi. Panikamu hurefuka, lakini hutaka rutuba. Mkunde uitwao stailo huvumilia udongo dhaifu, ilhali desmodiamu hupenda unyevu zaidi. Mbegu hizo ni ndogo, kwa hiyo hazifukiwi chini sana. Na mifugo huzuiliwa mpaka mizizi ishike. Nyasi zikiachwa zirefuke mno, huinyima mikunde mwanga, na mchanganyiko huvunjika.

Hata hivyo, mbegu njema hazitoshi pasipo mlinzi, na jambo hili linadhihirika katika historia ya Shinyanga, nchini Tanzania. Wasukuma walikuwa na desturi ya ngitili: sehemu ya malisho hufungwa mvua zianzapo, ikafunguliwa katikati ya kiangazi kwa ajili ya ndama na maksai. Misitu ilipofyekwa ili kuangamiza mbung'o na kupanua kilimo cha pamba, na watu walipohamishiwa vijijini katika miaka ya 1970, wenye ngitili walitenganishwa na ardhi yao, na desturi ikafifia. Mwaka 1986 ulipoanzishwa mradi wa HASHI, ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Mradi uliwarudishia wanavijiji na jamaa zao mamlaka ya kuzifunga na kuzifungua. Ulipofikia kikomo mwaka 2004, ngitili zilikuwa zimepita hekta 300,000. Sehemu kubwa ilirejea kwa kupumzishwa tu, kwani mizizi na mbegu za asili zilikuwa zimesubiri ardhini.

Tukirejea Malawi, yapo makazi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, kaskazini ya Lilongwe. Yalifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa, yakikusudiwa watu kama 10,000. Leo wamepita 50,000, wengi wao wakiwa wametoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili chasikika humo kila siku. Wamo waliolelewa katika nchi za ng'ombe, wajuao malisho kwa kuyakanyaga tu. Lakini Malawi ilipojiunga mwaka 1987 na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, iliweka masharti yake, likiwamo lihusulo mali. Malisho huhitaji misimu kadhaa ya subira. Na nani atafunga malisho mwaka huu, iwapo hana uhakika wa kuyafungua mwakani?

Kwetu walimu, kazi iliyo karibu ni kuyahifadhi maneno. Nyasi za Rhodes ni za asili ya Afrika, lakini zimebeba jina la Cecil Rhodes, aliyezipanda karibu na Cape Town. Ngitili, kwa upande wake, ni neno la Kisukuma lililoingia katika Kiswahili cha maofisa kwa sababu wenye ardhi walisikilizwa. Tuwaulize wanafunzi wetu wa Dzaleka na Lilongwe: kwenu malisho yaliyofungwa huitwaje? Majibu yao tuyaandike kabla wazee wanaoyajua hawajatutoka.