Kadi ya Kumbukumbu na Maana ya Kuharibika Kwake

Kadi ya kumbukumbu ni kipande chembamba cha plastiki kinachochomekwa kwenye kamera, simu au kinasa sauti ili kitunze picha, video na sauti hata chombo kinapozimwa. Katika maandishi sanifu huitwa hivyo. Kwa mafundi simu na wapiga picha ni memori kadi, au memori tu. Kamera nyingi hutumia aina ya SD, yenye urefu wa milimita 32, upana wa 24 na unene wa 2.1. Simu hutumia ndogo yake, microSD, yenye milimita 15 kwa 11, ambayo ikivikwa adapta huingia pia kwenye kamera.

Katika kata ya Njinjo, kwenye bonde la Mto Matandu wilayani Kilwa, kadi kama hii hubeba picha za harusi na mahafali, picha za pasipoti za kubandika kwenye fomu, na nyimbo ambazo mtu huingiziwa kibandani anapopeleka simu chaji. Ikigoma kusomeka, hukumu hutolewa kwa neno moja: imeungua. Neno hilo hufunga shauri mapema mno. Ndani ya kadi kuna vitu vitatu vinavyoweza kuharibika kila kimoja peke yake, na mara nyingi kinachoharibika ni kimoja tu. Kuvitenganisha ndiko kunakookoa picha, na jina la Kiswahili la kadi hii linasaidia kazi hiyo.

Neno

Kumbukumbu ni zao la kitenzi *kumbuka*, na katika matumizi ya kila siku lina maana mbili. Ya kwanza ni uwezo wa kukumbuka: mzee anayetaja majina ya mababu vizazi saba husemwa kuwa ana kumbukumbu nzuri. Ya pili ni kitu kilichowekwa ili jambo lisisahaulike. Barua ya serikali nchini Tanzania huandikwa juu yake "Kumb. Na.", namba inayoonesha jalada la barua hiyo. Serikali ina Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Vijiji vya Kikole na Kisangi wilayani Kilwa vilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, cha usimamizi bora wa misitu, kwa misitu yao, na cheti cha aina hiyo hutaka gogo la mpingo liweze kufuatiliwa hadi msitu lilikokatwa, kwa alama na daftari. Daftari hilo ni kumbukumbu kwa maana hii ya pili.

Tofauti hii ina uzito katika kompyuta. Kompyuta, simu na kamera zina kumbukumbu ya kufanyia kazi, ambayo husahau kila kitu umeme ukikatika, na zina mahali pa kutunzia, ambapo kitu hubaki. Programu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili huiita ya kwanza kumbukumbu na ya pili hifadhi. Kwa kipimo hicho mtu angeweza kudai kwamba kadi ya kamera ilistahili kuitwa kadi ya hifadhi, kwa kuwa haifanyi kazi ya kufikiri, inatunza tu. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama kumbukumbu lingekuwa na maana ya kwanza pekee. Kwa maana ya pili, ile ya barua na daftari la magogo, jina limekaa mahali pake: kadi ni jalada, na picha ni kumbukumbu zilizowekwa ndani yake.

Sehemu ya kadi inayotunza picha nayo ina jina lenye historia. Teknolojia yake ilibuniwa na Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba nchini Japani, naye akaitangaza mwaka 1984. Mwenzake Shoji Ariizumi ndiye aliyependekeza iitwe flashi, kwa sababu jinsi data zinavyofutwa kwa mkupuo mmoja ilimkumbusha mwako wa taa ya kamera. Waandishi wa istilahi wanaoiita kumbukumbu mweko wamefika karibu sana na wazo hilo, kwani mweko ni mwanga wa ghafla. Mafundi husema flashi, na kwao flashi ni pia kile kidude cha kuchomeka kwenye kompyuta.

Vitu vitatu ndani ya kadi

Cha kwanza ni mwili: plastiki, vidoti vya shaba vilivyopakwa dhahabu ambavyo kamera hugusana navyo, na chipu ndogo inayoitwa kidhibiti, ambayo hupokea amri na kuamua data ziwekwe wapi. SD ya kawaida ina vidoti tisa.

Cha pili ni seli. Kila seli hunasa chaji ndogo ya umeme, na kiasi cha chaji ndicho kinachosomwa kama data. Kusoma hakuichoshi seli kwa kiasi cha kuhesabiwa. Kuandika na kufuta ndiko kunakoichosha. Seli inayobeba biti moja huweza kufutwa na kuandikwa upya takriban mara 100,000. Seli za kadi za bei nafuu, zinazobeba biti tatu kila moja, huvumilia mara elfu moja hadi elfu chache. Kidhibiti husambaza kazi ili seli zichoke kwa usawa, na huziweka kando zilizokufa. Zaidi ya hayo, chaji huvuja polepole, na kadi iliyofungiwa kabatini miaka mingi yaweza kupoteza picha bila kuguswa na mtu.

Cha tatu ni orodha. Hii ni sehemu ndogo ya kadi inayoandika jina la kila faili, ukubwa wake na mahali linapoanzia. Kamera huweka picha zake ndani ya folda iitwayo DCIM, na huifikia kila picha kupitia orodha. Picha ikifutwa, kinachobadilika ni orodha tu: nafasi huandikwa kuwa wazi, lakini picha yenyewe hubaki kwenye seli mpaka picha mpya iandikwe juu yake. Kufomati kwa haraka nako hutengeneza orodha mpya tupu na kuacha sehemu kubwa ya picha za zamani chini yake. Vitabu vya istilahi hulitafsiri tendo hilo kuwa *kuumbiza*, yaani kukipa kitu umbo, na tafsiri hiyo ni sahihi: kadi hupewa umbo jipya la kupangia mafaili.

Kwa hiyo ubovu una aina tatu, nazo zastahili majina matatu. Mwili ukiwa na hitilafu, *kadi haisomeki*. Orodha ikiwa na hitilafu, *orodha imevurugika*. Seli zikiwa na hitilafu, *kadi imechoka*. Neno imeungua libaki kwa kadi ambayo kidhibiti chake kimekufa kweli kwa hitilafu ya umeme. Kadi hiyo haionekani kabisa kwenye chombo chochote, na wakati mwingine hupata joto kali mara inapochomekwa.

Dalili

Kadi isiyosomeka huonekana na kupotea. Kamera huonesha ujumbe wa hitilafu, kadi ikitolewa na kurudishwa hufanya kazi, kisha hugoma tena. Chanzo mara nyingi ni vumbi, jasho la vidole, au kutu ya chumvi kwenye vidoti. Upepo wa bahari wa Kilwa Masoko na Kivinje huleta chumvi hiyo hata ndani ya begi la kamera. Mafuriko ya Januari 2020 mkoani Lindi yalionesha hatari nyingine, ya maji ya matope kuingia majumbani pamoja na vyombo vilivyomo.

Orodha iliyovurugika hujitambulisha kwa namna yake. Kadi inaonekana na ukubwa wake unasomeka, lakini kompyuta inadai ni tupu, au inaomba ruhusa ya kuifomati, au inaonesha mafaili yenye majina ya herufi zisizoeleweka. Vyanzo vikuu ni viwili: betri kuisha wakati kamera inaandika, na kadi kuchomolewa wakati taa ya kuandikia bado inawaka. Chanzo kingine ni virusi vya kompyuta za vibandani, ambavyo huficha mafolda na kuweka njia za mkato zenye majina yaleyale. Hapo picha zipo zote, zimefichwa tu.

Kadi iliyochoka huandika polepole kuliko zamani, hutoa picha zilizogeuka kijivu nusu, au hukubali kusomwa na kukataa kuandikwa. Hali hii ya mwisho huwekwa na baadhi ya vidhibiti kwa makusudi, ili mwenye kadi apate kuhamisha vilivyobaki.

Dalili mbili hufanana na ubovu na si ubovu. Ya kwanza ni kutopatana kwa vizazi. Kadi za SD za mwanzo huishia GB 2. Za SDHC, zilizokuja mwaka 2006, huishia GB 32. Za SDXC, zilizotangazwa mwaka 2009, huvuka hapo na kutumia mfumo mwingine wa mafaili uitwao exFAT. Kamera ya zamani yaweza kushindwa kuielewa kadi ya GB 64, hata kadi iwe mpya kabisa. Ya pili ni kadi bandia. Kidhibiti chake kimefundishwa kusema uongo: chasema GB 128 wakati seli zilizomo ni za GB 8. Picha za mwanzo hukaa salama, na kuanzia ukomo wa kweli zinazofuata huharibika zote au huandikwa juu ya zilizotangulia.

Hatua za uchunguzi

Hatua ya kwanza ni kuacha kupiga. Kila picha mpya yaweza kuandikwa juu ya ile inayotafutwa. Kadi hutolewa kamera ikiwa imezimwa, na kile kijiti cha pembeni husogezwa upande wa kufunga ili chombo kisiandike chochote. Kijiti hicho ni plastiki tupu. Kadi yenyewe haijui kilipo, ni chombo kinachokitazama. Ndiyo sababu kadi iliyovunjika kijiti huripotiwa kuwa imefungwa, na kipande cha selotepu kikibandikwa juu ya pengo lake huifungua.

Hatua ya pili ni kuangalia mwili. Vidoti hufutwa kwa pamba iliyoloweshwa spiriti kidogo na kuachwa vikauke. Kadi iliyoingia matope au maji ya bahari husuuzwa kwa maji safi na kuanikwa kivulini siku moja au mbili kabla ya kupewa umeme, kwa kuwa maji peke yake hayaui seli. Kinachoua ni umeme kupita mahali palipolowa. Kisha kadi hujaribiwa kwenye kisomaji kingine, na microSD kwenye adapta nyingine. Adapta mbovu imesababisha kadi nyingi nzima kutupwa.

Hatua ya tatu, kadi ikishaonekana, ni kukataa kila pendekezo la kompyuta la kufomati au kurekebisha. Kwanza hutengenezwa nakala ya kadi nzima, biti kwa biti, kwenye diski ya kompyuta, na kazi yote inayofuata hufanywa kwenye nakala hiyo. Kadi iliyochoka yaweza kusomeka mara moja tu, na nafasi hiyo isipotumika kunakili hairudi.

Hatua ya nne ni kutafuta picha bila kutegemea orodha. Programu ya bure ya PhotoRec hupita seli kwa mfululizo ikitafuta alama ambayo kila picha ya JPEG huanza nayo. Ikiipata, huanza kunakili kutoka hapo. Picha hurudi zikiwa na majina mapya, kwa sababu majina ya zamani yalikuwa kwenye orodha, na orodha ndiyo iliyopotea. Video kubwa zilizotawanyika sehemu mbalimbali za kadi ni ngumu zaidi kurudisha.

Hatua ya tano, baada ya picha kufika mahali salama, ni kuijaribu kadi yenyewe. Huumbizwa ndani ya kamera itakayoitumia, kisha programu kama H2testw au F3 huijaza data hadi ukingoni na kuzisoma tena. Kadi inayorudisha kila kitu kama ilivyopewa ilikuwa na shida ya orodha, nayo yafaa kuendelea na kazi. Inayokosea hata mara chache imechoka au ni bandia, na hakuna fomati itakayoiponya. Kadi ya namna hiyo haifai hata kwa nyimbo, kwani mwenye nyimbo naye siku moja ataipigia picha.

Nakala

Kumbukumbu ya kale ya Kilwa yenyewe imetufikia kwa nakala. Tarihi ya masultani wa Kilwa Kisiwani inajulikana leo kupitia njia mbili: muhtasari uliochapishwa na Mreno João de Barros mwaka 1552, na hati ya Kiarabu iliyonakiliwa Zanzibar mwaka 1877. Hati ya asili haikubaki. Kama isingenakiliwa, majina mengi ya watawala hao yangepotea pamoja na karatasi yake.

Kadi ya kamera hutendewa vivyo hivyo. Picha za siku huhamishiwa kwenye kompyuta na kwenye diski ya pili kabla kadi haijafutwa, na kadi huandikwa ubavuni mwezi na mwaka ilipoanza kazi, ili umri wake ujulikane. Mpiga picha wa harusi hugawa siku katika kadi mbili ndogo badala ya kuitwika moja kubwa yote: ndoa katika moja, sherehe katika nyingine. Moja ikigoma, upande mmoja wa siku hiyo bado una kumbukumbu.