Manuali au otomatiki? Historia ya giaboksi kutoka mteremko wa Ufipa

Ukiwa Sumbawanga mjini asubuhi ya Juni, baridi ikikuuma masikio, uko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Sasa panda gari, pita Ntendo, elekea Muze. Kwa muda utakuwa juu ya nyanda bado: mashamba ya mahindi, ulezi na maharage, vilima vya mviringo, upepo usioisha. Halafu ardhi inakatika. Chini yako, karibu mita 1,000 kwenda chini, limelala Bonde la Ziwa Rukwa. Barabara inaanza kuteremka ikijikunja kwenye ule ukuta wa mlima unaoitwa Lyamba lya Mfipa.

Hapo ndipo swali la kijiweni, "gari la porini liwe manuali au otomatiki?", linapoacha kuwa la kijiweni.

Jibu la mtaani unalijua: porini ni manuali tu, otomatiki ni ya lami. Jibu hilo halikuokotwa. Lina historia, na kwa miaka mingi lilikuwa sahihi kabisa. Lakini sababu zilizolifanya liwe sahihi zimebadilika moja baada ya nyingine, na sababu moja haijabadilika hata kidogo. Makala hii ni ya kuzitenganisha, kwa sababu anayezichanganya anaweza kununua gari zuri tu na bado akafika Muze bila breki.

Ndoo tano za maji ya moto

Tuanze na hesabu kidogo, haiumi. Chukua Land Cruiser mkonga iliyobeba watu na mizigo, jumla tani 3. Ikishuka mita 1,000 inaachia nishati ya karibu megajuli 29. Hiyo ni nyingi kiasi gani? Sumbawanga maji huchemka kwenye nyuzi joto 94 hivi, si 100, kwa sababu ya mwinuko. Megajuli 29 zinatosha kuchemsha maji ya baridi karibu ndoo tano za lita 20.

Joto hilo lazima liende mahali. Hakuna ujanja wa kulikwepa. Ukishuka kwa kukanyaga breki tu, lote linaingia kwenye diski na pedi, na kutoka hapo linapanda hadi kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205. Yakishanyonya unyevu wa hewa, kama yanavyofanya kadiri yanavyozeeka, kiwango chao cha chini kinachokubalika ni nyuzi 140 tu. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke unabonyea. Unakanyaga pedali inazama mpaka sakafuni, gari linaendelea na safari yake.

Njia ya pili ni kuipa injini kazi hiyo. Ukiwa kwenye gia nzito, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na injini haipendi kuzungushwa: inasuguana na kubana hewa, na joto linatokea kwenye rejeta na ekzosi, vitu vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo hasa. Kwa hiyo giaboksi si kifaa cha kupandia tu. Kwenye Lyamba lya Mfipa, giaboksi ni breki yako ya kwanza.

Ndugu wawili wa rika moja

Watu wengi wanadhani manuali ni ya zamani na otomatiki ni ya juzi. Si kweli. Ni ndugu wa karibu rika moja.

Gia za kusogeza kwa wenzo, babu wa manuali ya leo, zilianza kwenye magari ya Panhard na Levassor huko Ufaransa miaka ya 1890. Gia moja inasogezwa mpaka imeshikana na nyingine, na kama hazizunguki kwa kasi inayolingana, zinasaga meno kwa kelele. Dawa yake, sinkromeshi, ambayo husawazisha kasi ya gia kabla hazijashikana, ilikuja kwenye Cadillac mwaka 1928.

Upande wa pili, gari lililowapa Wamarekani wa kawaida usafiri, Ford Model T la 1908, halikuwa na gia za kusogeza. Lilitumia gia za sayari: gia ya kati, nyingine zikiizunguka kama sayari zinavyolizunguka jua, na dereva alichagua kwa kukanyaga pedali. Gia za aina hiyo ndizo zilizomo kwenye otomatiki nyingi za leo.

Na ule mtungi wa mafuta unaokaa mahali pa klachi, ambao mafundi wanauita toki konveta, haukutoka kwenye magari kabisa. Mhandisi Mjerumani Hermann Föttinger aliupatia hataza mwaka 1905 kwa ajili ya meli: alitaka tabini ya mvuke inayokimbia sana iweze kuzungusha pangaboi la taratibu. Ndani yake feni moja inasukuma mafuta, mafuta yanasukuma feni ya pili. Chuma hakigusi chuma. Wakati gari linaondoka, mtungi huu unaweza kuongeza nguvu ya kuzungusha karibu mara mbili.

Mwishoni mwa 1939 General Motors walitangaza Hydra-Matic, otomatiki iliyoingia kwenye Oldsmobile za 1940. Miaka michache baadaye ilikuwa ndani ya vifaru vyepesi vya Marekani aina ya M5, vitani. Kwa hiyo hoja kwamba otomatiki haijawahi kuonja tope haina mashiko.

Kama ni hivyo, kwa nini haikuja Ufipa mapema?

Nzige, tope na fundi chini ya mti

Kati ya 1930 na 1944 nzige wekundu walisambaa katika sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara. Walipochunguzwa, ilionekana kwamba makundi yao huanzia maeneo machache tu, na moja ni mbuga za Bonde la Rukwa, hapo chini ya mteremko wetu. Mwaka 1949 ikaundwa huduma ya kimataifa ya kudhibiti nzige hao. Makao yake yaliwekwa Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia, ng'ambo tu ya mpaka na Ufipa.

Kazi ya kusaka nzige ilitaka magari yanayoweza kushuka bondeni, kupita kwenye nyasi ndefu na udongo mweusi unaonata, na kupanda tena. Mwaka mmoja tu kabla, 1948, Land Rover ilikuwa imeonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam. Toyota wakafuata na gari lao la BJ mwaka 1951, ambalo mwaka 1954 lilipewa jina la Land Cruiser. Magari hayo yalikuwa na gia za mkono.

Na zilikuwa gia za mkono kweli kweli. Land Rover za mwanzo zilikuwa na sinkromeshi kwenye namba tatu na nne tu. Kurudi namba mbili gari likiwa kwenye mwendo ilibidi ukanyage klachi, utoe gia, uachie, upige moto kidogo, ukanyage tena, ndipo uingize. Gia zote za mbele zilipata sinkromeshi kwenye toleo la tatu, mwaka 1971. Sasa fikiria uko katikati ya mteremko, umetoa namba tatu, na namba mbili imekataa. Uko nyutro, na tani kadhaa zinakusukuma mgongoni. Madereva wa zamani walikuwa na kanuni: chagua gia yako kabla hujaanza kushuka, na usiiguse mpaka ufike chini. Kanuni hiyo iwekee alama, tutairudia.

Manuali ilishinda kwa sababu tatu ambazo hazikuhusu ufundi wa kuendesha. Ya kwanza, kwa miaka mingi haukuwepo uchaguzi. Jeep Wagoneer ya 1963 ndiyo iliyoleta otomatiki pamoja na magurudumu manne, na Range Rover ilipata otomatiki yake mwaka 1982 tu.

Ya pili ni fundi. Giaboksi ya mkono unaweza kuishusha chini ya mti kwa jeki, gogo na spana, ukabadilisha sahani ya klachi, na jioni gari likaondoka. Ndani ya otomatiki kuna vijia vya mafuta vyembamba, vali ndogo na sahani nyingi za msuguano. Chembe ya vumbi inatosha kuleta balaa. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, fedha za kigeni zilipokuwa adimu nchini na kila spea ni ya kutafutwa, gari lililoweza kurekebishwa kwa vitu vilivyopo ndilo lililokuwa gari.

Ya tatu, betri. Manuali yenye betri iliyokufa unaita vijana wanne, wanasukuma, unaachia klachi, linawaka. Otomatiki nyingi haziwaki hivyo, kwa sababu pampu inayojenga shinikizo la mafuta ndani ya giaboksi huzungushwa na injini yenyewe. Injini ikilala, giaboksi nayo imelala. Sukumeni mpaka jua lizame.

Hewa nyepesi

Kuna jambo moja la Ufipa ambalo mtu wa pwani hulisahau. Kwenye mita 1,800 shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano kulinganisha na Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi kama hicho.

Wafipa walicheza na hewa kabla ya injini. Wahunzi wao waliyeyusha chuma kwenye matanuru marefu yaitwayo malungu, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Mivukuto ilitumika hatua ya pili, kwenye tanuru dogo la kusafishia chuma. Tabo ni mvukuto wa injini: inasukumia ndani hewa ambayo mlima umeinyima.

Hapa otomatiki inapata pointi. Kwenye manuali, kila ukibadilisha gia unaachia mafuta, tabo inapoa, na gari linapoteza mwendo. Kwenye tope la masika, kupoteza mwendo ndiko kukwama. Otomatiki inabadilisha gia mguu ukiwa palepale, nguvu haikatiki, na toki konveta inaisukuma tairi kwa upole badala ya kuishtua ikaanza kuserereka. Kuondoka kwenye kilima nako ni rahisi. Zamani kwenye malori kazi hiyo ilikuwa ya utingo, anaruka na jiwe mkononi kuliweka nyuma ya tairi wakati dereva anahangaika na klachi.

Lami na meli kutoka Japani

Halafu mambo mawili yakatokea. Biashara ilipofunguliwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980, magari yaliyotumika Japani yalianza kumiminika, na mengi ni otomatiki. Fundi akajifunza kwa lazima, na giaboksi iliyotumika ikawa bidhaa ya dukani. Kisha, miaka ya 2010, barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, zaidi ya kilomita 220, ikawekwa lami kwa mradi ulioanza kwa fedha za Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani. Ile ya kwenda bandari ya Kasanga kupitia Matai, kilomita 112, nayo ikapata lami.

Hata Toyota wamesogea: Land Cruiser ya familia ya 70, ndugu wa mkonga, iliporudishwa sokoni Japani mwaka 2023 ilikuja na injini ya dizeli ya lita 2.8 na otomatiki ya gia sita.

Kwa hiyo sababu za zamani zimelegea. Hazijaisha: ukiishi kijiji cha bondeni, mbali na fundi wa otomatiki, bado hoja ya spana na ya kusukuma ni yako. Na ukivuka mito, kumbuka mkonga unailinda injini tu. Giaboksi ina tundu lake la kupumulia, na ikipoa ghafla ndani ya maji inaweza kuyanyonya. Maji kwenye mafuta ya otomatiki huharibu sahani zake, kwa hiyo hakikisha bomba la tundu hilo limepandishwa juu.

Sababu ambayo haijabadilika

Turudi ukingoni, juu ya Muze. Zile ndoo tano bado zipo. Lami haizipunguzi, na kompyuta ya gari haizipunguzi.

Ukishuka na otomatiki ikiwa kwenye D, mguu umetoka kwenye mafuta, giaboksi za kawaida husoma kwamba gari halina kazi na kupandisha gia mpaka ya juu. Injini inazunguka polepole, haizuii kitu, na joto lote linahamia kwenye breki. Gari halina kosa. Linafanya ulichoomba.

Dereva wa manuali naye asijicheke kifua. Wapo wanaoteremka na nyutro "kubana mafuta". Kisayansi ni kinyume: kwenye nyutro injini lazima inywe mafuta ili isizime, lakini ukiwa kwenye gia, magurudumu yanaizungusha na mafuta hukatwa. Anayeshuka na nyutro anatumia mafuta zaidi na ametupa breki yake ya kwanza.

Basi kanuni ya wale wa Land Rover inabaki vilevile kwa wote. Kabla ya kuanza kushuka, simama. Kama ni otomatiki, toa D, weka L au 2, au shika gia mwenyewe kama ina alama za kujumlisha na kutoa. Kama ni manuali, weka gia nzito. Kwenye mteremko mkali wa vumbi au tope, weka magurudumu manne ya gia nzito, ambayo kwenye magari mengi huongeza nguvu ya kuzungusha karibu mara 2 na nusu. Mguu kwenye breki ugusie tu, kwa vipindi.

Ukiniuliza ununue ipi, nitakuuliza mambo mawili: fundi wako wa karibu anaijua ipi, na nani mwingine ataliendesha gari hilo? Kama majibu yanaruhusu zote mbili, chukua otomatiki bila aibu, lakini mfundishe kila atakayeshika usukani kazi ya ile herufi L. Wengi huendesha miaka kumi bila kuigusa, na ndiyo iliyowekwa pale kwa ajili ya mlima kama huu.