Hifadhidata ya Mawe: Wikendi Yangu Thanjavur

Nimekuwa kimya kwa wiki mbili kwa sababu kazi ilinipeleka Chennai, kusini mwa India. Ijumaa usiku nilipanda gari moshi hadi Thanjavur, mji wa jimbo la Tamil Nadu, na asubuhi nikateremka na mkoba mgongoni na njaa tumboni. Nilitaka kuona hekalu na kula, basi. Lakini niliyoyakuta yalinikumbusha aibu niliyoiacha nyumbani.

Kwanza aibu yenyewe. Mama yangu yumo katika chama cha akina mama 14. Mimi, msomi wa tarakilishi, niliwashawishi waache daftari la mweka hazina, nikawaundia programu ndogo ya kuweka hesabu za michango. Baada ya miaka mitatu diski ikafa, na nakala rudufu sikuwa nayo. Kikao kilichofuata kilikuwa vita: huyu anasema alilipa, yule anakana. Wawili hawasemezani mpaka leo.

Sasa turudi Thanjavur. Hekalu la Brihadisvara lilijengwa na mfalme Rajaraja wa Kwanza, wa ukoo wa Chola, likakamilika mwaka 1010. Mnara wake wa mawe ya matale una urefu wa mita 60 hivi, na tangu 1987 limo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Wageni wengi hutazama juu. Mimi nilitazama chini, kwa sababu sehemu ya chini ya kuta imejaa maandishi ya Kitamil, mstari baada ya mstari.

Ni rekodi, jamani! Mfalme aliagiza zichongwe zawadi zote: zake mwenyewe, za dada yake mkubwa Kundavai, za wake zake na za watu wengine. Vito vimeandikwa pamoja na uzito wake. Wapo wachezaji 400 wa kike wa hekalu, kila mmoja na jina lake, hekalu alikotoka, mtaa wake na nyumba yake. Fungu la kila mmoja kwa mwaka lilikuwa kalam 100 za mpunga. Kalam ni kipimo cha nafaka. Wamo pia wahasibu, washonaji, vinyozi na walinzi. Aliyewahi kuunda hifadhidata atalitambua jedwali hili mara moja.

Mchana nilikula wali kwenye jani la mgomba, kwa mkono wa kulia kama wenyeji. Kulikuwa na sambar, ambao ni mchuzi wa mbaazi na ukwaju, kisha rasam mwepesi wa kuunguza koo, kisha maziwa ya mgando ya kupoza. Nilimalizia kwa kahawa ya maziwa iliyorushwa kutoka chombo hadi chombo mpaka ikatoa povu.

Hata chakula kimo ukutani. Vyakula vya sadaka vimetajwa pamoja na viungo: samli, pilipili manga, haradali, sukari, ukwaju, ndizi. Pilipili kali nyekundu haimo. Haingekuwemo, kwani asili yake ni Amerika, na ililetwa India na Wareno baada ya Vasco da Gama kupitia Malindi yetu na kufika Calicut mwaka 1498. Rasam iliyonitoa jasho ni mgeni aliyechelewa.

Lakini msidhani jiwe linatosha. Ndani ya hekalu, picha za ukutani za enzi ya Chola zilifunikwa kwa picha nyingine wakati wa watawala Wanayaka. Faili juu ya faili! Za chini zilikuja kugunduliwa mwaka 1931 na mtafiti S. K. Govindaswami. Maandishi nayo hayakufichwa, yalikuwa wazi mbele ya kila mtu, ila mtindo wa herufi ulibadilika na wasomaji wakapungua. Katika karne ya 19 hadithi za mjini zilimtaja mjenzi mwingine kabisa. Ndipo mtaalamu Mjerumani, Eugen Hultzsch, alipoyasoma na kuyachapisha, na Rajaraja akarudishiwa hekalu lake.

Nilirudi na somo moja. Rekodi hudumu ikiwa ipo mahali pa wazi na ikiwa wapo watu wanaojua kuisoma. Programu yangu ilikosa yote mawili: ilikuwa kwenye mashine moja, na msomaji alikuwa mimi peke yangu.

Chama kimerudia daftari. Programu bado ipo, yenye nakala rudufu mbili, lakini kila kikao nachapisha orodha, inabandikwa ukutani, na mweka hazina anaisoma kwa sauti. Wale wawili bado hawajapatana. Hilo sina programu yake.

Je, wewe rekodi za chama chenu ziko wapi? Ukiondoka leo, nani atazisoma?