Hesabu Iliyofichua Kazi ya Figo

Kwamba mkojo wa mtu kwa kawaida una asidi kuliko damu yake ni jambo lililojulikana mapema. Kilichowagawa wataalamu katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 ni namna asidi hiyo inavyofika humo. Wengine walisema figo huchuja damu, kisha mirija yake hurudisha mwilini fosfati yenye alkali na kuiacha ile yenye asidi ipite. Wengine waliitegemea asidi ya kaboni iliyochujwa. Kwa maelezo yote mawili, figo haitoi asidi yoyote. Hubagua tu kilichokwisha kuchujwa. Fikra hiyo, naamini, iliangushwa na hesabu wala si na hadubini. Mwaka 1945, huko New York, Robert Pitts na Robert Alexander waliwapa mbwa asidi, wakawatilia fosfati nyingi mishipani, wakakadiria kiasi kinachochujwa kila dakika. Kisha waliutia mkojo alkali kidogo kidogo hadi ukalingana na damu. Alkali iliyotumika ndiyo iliyoonyesha asidi iliyokuwamo. Asidi hiyo ilizidi sana yote ambayo chujio lingeweza kuleta. Ziada ile haikuwa na pa kutoka ila kwenye seli za mirija, zinazosukuma ioni za hidrojeni kwenye mkojo na kupokea sodiamu.

Yupo atakayesema kwamba macho yalitangulia, kwa kuwa mwaka 1937 Montgomery na Pierce walikwisha kuonyesha ni sehemu ipi ya mrija wa chura ambapo majimaji hugeuka kuwa asidi. Ni kweli, lakini walionyesha mahali, si njia: majimaji yangegeuka vilevile hata kama alkali ndiyo iliyokuwa ikiondolewa. Mwingine atasema mbwa aliyejazwa fosfati si kielelezo cha mwili wa kawaida. Hata hivyo, asidi ikiwa kidogo nadharia zote huitosheleza. Ilibidi izidishwe ndipo zitengane. Tena ushahidi mwingine uliafikiana na hesabu hiyo. Dawa ya salfanilamidi ilionekana kuufanya mkojo uwe wa alkali huku damu ikizidi asidi, na mwaka 1940 ikathibitika kwamba huzuia kimeng'enya kinachoharakisha kuundwa kwa asidi ya kaboni. Mwaka uliofuata kimeng'enya hicho kikapatikana ndani ya figo. Ndiyo maana leo daktari akikuta damu yenye asidi nyingi na mkojo usio na asidi ya kutosha, ingawa figo inachuja vizuri, huelekeza shaka kwenye mirija.